Siku Walipoacha Kuniombea

Kro. Kro. Kro.

Mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Ni sauti ya buti za mpira zikikwaruzwa kwenye jiwe lililo mlangoni petu. Kwetu Tetu, mvua ikinyesha, udongo mwekundu hushika kiatu kama unga wa chapati unavyoshika vidole, na hakuna mama mwenye heshima zake atakayeingia nyumba ya mtu na matope. Kwa hiyo wanasimama nje, wanakwaruza mmoja baada ya mwingine, wanasalimiana kwa sauti ya chini, halafu ndipo wanabisha. Nikisikia mkwaruzo wa kwanza, nilijua akina mama wa kanisa wamekuja kuniombea, na nilikuwa na nafasi kidogo tu ya kufuta machozi, kufunga kitambaa kichwani na kukaa kama mtu anayeamini.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu amelala mahali saa hii, anasikia viatu vya wageni nje, na hajui atawaambia nini wakimuuliza anaendeleaje. Mimi si daktari wala mhubiri. Nilimaliza kidato cha nne, basi, nikaanza kuoka keki. Lakini niliugua, na nikaombewa kila namna mtu anavyoweza kuombewa, na kuna mambo ningependa ningeambiwa mapema.

Jina langu ni Nyawira. Baba huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Kabla ya ugonjwa nilikuwa na oveni ya mabati niliyotengenezewa na fundi pale Giakanja, makaa chini, makaa juu, na nilikuwa na ndoto ya duka la keki mjini Nyeri, lenye dirisha kubwa la kioo, watoto wa shule wakipita wabandike pua zao hapo. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya mapazia. Nacheka nikikumbuka. Duka lenyewe halikuwa na ukuta, lakini mapazia nilikuwa nayo.

Uvimbe ulianza shingoni, upande wa kulia, wakati wa mvua ya njahi, ile mvua kubwa ya kupandia. Ulikuwa kama punje ya maharagwe. Hauumi. Mama akasema ni jino. Nikang'olewa jino. Uvimbe ukabaki, ukaita wenzake. Nikaanza kuamka shuka limelowa jasho, nikakonda, sketi zikawa zinanizunguka zenyewe. Baba alipoona nimeketi katikati ya shamba la nepia, yale majani ya kulisha ng'ombe, nikiwa na mundu mkononi, nimeshindwa kubeba hata mzigo wa ng'ombe mmoja, alisema neno moja: "Hospitali."

Kungojea ni kazi yake peke yake. Benchi la pale kliniki ni la mbao, refu, na kila mtu anapoitwa, waliobaki wanasogea. Unasogea, unasogea, unakalia mbao iliyopashwa joto na mgonjwa mwingine. Sijui kama mtu asiyeugua anaweza kuelewa jinsi lile joto linavyokuliwaza asubuhi ya baridi. Mtu alikuwa hapa sasa hivi. Ameingia. Anaishi. Walinikata kipande cha uvimbe, wakakipeleka kupimwa, tukangoja tena mpaka maharagwe yakatoa maua. Halafu daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, akatuambia ni saratani ya matezi, na kwamba hii ni ya aina ambayo watu hupona ikitibiwa sawasawa. Mama alisikia saratani. Baba alisikia hupona. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa naangalia kalamu yake imevuja wino kwenye mfuko wa koti jeupe, nikawa najiuliza kama nimwambie.

Siku ya dawa ya kwanza ya dripu ndiyo nilikutana na Mama Wahome. Alikuwa ameketi kiti cha kando yangu, mwanamke mnene aliyeanza kukonda, ngozi ikining'inia mikononi kama sweta la kuazimwa. Alikuwa anauza supu ya kondoo kule Chaka, karibu na barabara ya Nanyuki, na alinijulisha hivyo kabla ya kunisalimia.

"Mimi ni wa supu, Chaka. Ukipita, unaulizia Mama Wahome. Na wewe ni wa nini?"

"Keki," nikasema.

"Ai! Basi harusi iko tayari. Kumebaki bwana tu."

Nesi alipokuja kumtafuta mshipa, mshipa ukakataa. Akamchoma huku, akamchoma kule. Mama Wahome akafumba macho, akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani aliye ng'ambo ya ua.

"Mungu wangu, ni mimi wa Chaka. Leo naogopa. Mshipa yangu imejificha tena, na huyu mtoto wa watu mkono unamtetemeka. Muonyeshe mahali iko. Hiyo tu. Kesho nitakuja na ingine."

Akafungua macho. Nesi akacheka, akatulia, na safari hiyo sindano ikaingia.

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiomba hivyo. Kwetu kuomba ni kusimama. Ni sauti kupanda. Unaanza na sifa, unaenda toba, unakemea, unadai, unafunga. Nikamuuliza, "Hiyo tu? Hauombi upone?"

"Ninaombaga," akasema. "Lakini asubuhi naomba ya asubuhi. Hiyo kubwa anajua. Nikimwambia kila saa ataona ni kama nafikiria amesahau."

Dawa ile ni nyekundu, na ukiiona ikishuka kwenye mrija unafikiri ni kinywaji cha watoto cha sherehe. Usidanganyike. Nilitapika njia nzima ya kurudi nyumbani. Baada ya muda nywele zikaanza kubaki kwenye mto, nyusi zikafuata, kucha zikawa nyeusi kama za mtu anayechimba viazi kwa vidole. Kilichonivunja moyo zaidi ni ulimi. Kila kitu kilikuwa na ladha ya kijiko. Chai, kijiko. Uji, kijiko. Nilimega keki niliyooka mwenyewe nikalia, maana ilikuwa kama kulamba bati. Baridi ya Julai ikaingia, ile ya ukungu usiotoka mpaka adhuhuri, na mimi nikawa wa kulala karibu na jiko, nikiwa nimevaa koti la Baba juu ya koti langu.

Na akina mama wakaja. Kro, kro, kro. Walileta maziwa, unga, ndizi za kupika. Naomba nisikike vizuri hapa: walinipenda. Mama Gathoni, kiongozi wao, mwanamke mrefu wa sauti inayofika ng'ambo ya bonde, alitembea kutoka kwake kwenye mteremko wa utelezi, na magoti yake ni mabaya. Desturi ya kikundi chao ni kwamba kila mmoja anaomba kwa zamu, kuzunguka chumba, halafu mwenye shida anafunga. Kwa hiyo baada ya maombi yote yale mazito, wote walifumba macho wakanisubiri mimi. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kupenda kufurahisha wageni, nilitoa nilichokuwa nacho. Nilimshukuru Mungu kwa maziwa, kwa ndizi, kwa magoti ya Mama Gathoni. Wengine walichekelea huku macho wameyafumba. Ile ndiyo ilikuwa sala yangu. Ya moyoni sikuwahi kuitoa, kwa sababu ya moyoni ilikuwa ni: naogopa kufa, na nina hasira.

Baada ya dawa ya pili uvimbe ulipungua. Ulikuwa ukionekana ng'ambo ya chumba. Sasa ilibidi uutafute kwa vidole. Daktari alisema ni dalili nzuri, lakini tuendelee, dawa ni nyingi bado, tena akanionya jambo moja, na nesi akalirudia akiwa amenishika bega: "Damu yako saa hii haina askari wa kuzuia magonjwa. Ukisikia joto mwilini, hata kidogo, unakuja. Si kesho. Saa hiyo hiyo." Mama alikuwepo. Aliitikia kwa kichwa.

Jumapili ile Mama Gathoni alikuja na akina mama, akaniwekea vidole shingoni kwa upole, akatafuta, hakupata. Akaanza kulia. Halafu akasimama katikati ya chumba.

"Wamama, sikizeni. Kuanzia leo hatuombi tena. Tunashukuru. Bwana amesikia, na mtu akishasikiwa harudi kuuliza kama amesikiwa. Kurudi kuomba ni kumwambia hatumwamini."

"Amina!"

"Jumamosi ijayo, ni shukrani. Hapa hapa. Mama Nyawira, uko tayari?"

Mama alikuwa ameshika shuka langu kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umewaka kama wa msichana. Nilikuwa sijauona hivyo tangu mvua ya njahi. "Niko tayari," akasema.

"Na Nyawira mwenyewe ndiye ataoka keki!" akasema mmoja, na chumba kizima kikapiga makofi.

Nataka uelewe kosa lilikuwa wapi. Hakuna aliyesema nisiende hospitali. Hakuna. Dawa ya tatu ilikuwa bado mbele na wote walijua. Kosa lilikuwa kwamba mlango wa kuomba ulifungwa, na mimi nilikuwa bado nje. Wiki ile nikisema "mgongo unauma," Mama ananiambia, "Usikiri hivyo, tuko kwa shukrani." Nikisema sina nguvu, anasema, "Sema asante Yesu kwa nguvu." Alikuwa haniambii kwa ukali. Ilikuwa kama mtu anayebeba trei ya mayai akikuomba usimguse.

Ijumaa nikawasha oveni. Nilikuwa nimesisimka, sitaki kudanganya. Keki ya ngazi mbili, krimu nyeupe, na maua ya rangi ya waridi. Ilikuwa keki ya kwanza tangu niugue, na mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka kazi. Nilisikia uso unachoma. Nikasema ni makaa. Nikatoka nje kupunga hewa, meno yakaanza kugongana. Nikasema ni ukungu. Nikarudi kwenye oveni, nikachomeka tena. Mama akapita, akanigusa shavu kwa nyuma ya mkono wake, akausimamisha mkono pale. Tukaangaliana.

"Ni oveni," nikasema.

"Ee," akasema. "Ni oveni."

Sisi wawili tulijua. Ndio ukweli wenyewe. Na hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu kusema ilikuwa ni kuomba, na kuomba tulikuwa tumeshaacha. Nilikoroga krimu nikiwa nimeegemea meza. Nilionja, ikawa kijiko kama kila kitu. Nikapaka.

Jumamosi asubuhi Baba aliniletea maziwa moto akitoka kukamua. Alinipa kikombe, vidole vyangu vikagusa vyake, akakirudisha kikombe chini.

"Maitu, unachomeka."

"Ni oveni, Baba."

"Oveni imezima tangu jana."

Akatoka. Nikamsikia akimwambia Mama jikoni, na Baba si mtu wa kupaza sauti. "Nesi alisema aje saa hiyo hiyo. Wewe ulikuwa hapo. Mimi nilikuwa kwa ng'ombe, wewe ulikuwa hapo!"

"Watu wako njiani, Baba Nyawira."

"Watu? Watu wanakuja kuona nini? Maiti?"

Mama akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, fupi, kama mtu aliyekanyaga msumari. Baba akaenda kwa jirani mwenye gari.

Na wakati gari linaingia uani, ndipo nikasikia: kro, kro, kro. Walikuwa wamefika na masufuria, vitambaa vyao vya kichwa vya Jumapili, wimbo ukiwa umeanza. Baba alinibeba nikiwa ndani ya blanketi, akapita katikati yao. Wimbo ukakatika. Nilimwona Mama Gathoni, mguu mmoja juu ya jiwe, buti likiwa na matope bado.

"Mama Nyawira, mnaenda wapi? Leo si ndio siku?"

"Mtoto ana joto," Mama akasema.

"Usikiri hivyo. Shetani anataka kutuibia—"

"Mama Gathoni." Mama alikuwa amevaa kiatu kimoja tu, kingine ameshika. "Mimi narudi kuomba. Hata kama ni kukosa imani, mniandikie. Nyinyi mkitaka kushukuru, keki iko mezani."

Akaingia garini, akaweka kichwa changu mapajani mwake, na njia yote mpaka mjini aliomba kwa Kikuyu, maneno mawili tu, akirudia. Mwokoe. Tafadhali. Mwokoe. Tafadhali. Kwa mara ya kwanza tangu niugue nilisikia sala inayofanana na kilichokuwa ndani yangu.

Siku zilizofuata nazikumbuka vipande vipande. Waliniweka chumba cha peke yangu. Walioingia walivaa barakoa, kwa hiyo nilijua watu kwa macho na kwa mwendo. Mdomo wangu ulijaa vidonda, hata mate yalikuwa kazi kumeza. Kuna asubuhi daktari yule wa macho ya usingizi alisimama mguuni pa kitanda muda mrefu bila kuandika kitu, akatoka kuongea na wazazi wangu kwenye korido, na kupitia kioo niliona Baba akiketi chini sakafuni. Chini kabisa, kama mtoto. Nikajua tuko wapi.

Nilijaribu kuomba. Watu husema ukifika pale utamlilia Mungu kwa nguvu zako zote. Mimi sikuwa na nguvu. Nilianza Baba Yetu nikapotea katikati, nikaanza tena, nikapotea. Nikaogopa kwamba nitakufa bila kuwa nimeomba, kama mtu anayeondoka nyumbani mwa watu bila kuaga.

Baba aliingia mchana. Baba huja kanisani Krismasi, na siku za mazishi. Hajawahi kuomba mbele ya mtu. Alivuta kiti, akanishika kidole kimoja, kile ambacho hakikuwa na plasta, akaangalia dirisha upande wa mlima, ule ambao wazee wetu waliuelekea wakiomba, ingawa siku hiyo mlima haukuonekana kwa mawingu.

"Ngai," akasema. Ni Mungu kwa lugha yetu. "Ni mimi. Niko na Maitu. Bado tuko hapa."

Nikangoja iendelee. Haikuendelea. Ilikuwa imeisha. Mimi nikafungua mdomo, vidonda vikachanika, nikasema, "Amina." Na hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote kwa wiki hiyo: amina ya sala ya mtu mwingine. Kila siku alikuja, akasema yale yale, nikaitikia. Wewe unayesoma ukiwa umelala, usijilazimishe. Tafuta sala ya mtu unayempenda, iwe fupi, uweke amina yako hapo. Inatosha. Nimewahi kuishi kwa hiyo.

Joto lilishuka polepole. Nilipotolewa chumba kile nikapelekwa wodi ya kawaida, mgeni wa kwanza alikuwa Mama Gathoni. Alikuja peke yake. Alisimama mlangoni na begi lake kama msichana aliyeitwa na mwalimu. Nikafikiri ataanza kuomba. Hakuomba. Alifungua kabati la kando ya kitanda, akatoa nguo zangu chafu, za kutapikiwa, za jasho, akazitia kwenye begi.

"Nitakuja nazo zikiwa safi," akasema. Halafu akaketi. "Nyawira, dada yangu alikuwa na hii hii. Shingoni hapa. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilimwombea mpaka nikakauka sauti. Akaenda."

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Nikikuja kwenu kila Jumapili nilikuwa nasikia ni yeye nimekuja kuona. Kuomba inachosha, mwanangu. Kushukuru ni rahisi. Nilitaka mmoja apone nipumzike."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na magamba, wa kuchuma kahawa maisha yote. Akafuta pua kwa ule mwingine, akasema, "Na keki yako."

"Ilikuwaje?"

"Tuliila. Tuliomba mpaka mchana, halafu tukasikia njaa. Nyawira, uliweka chumvi."

"Kwa krimu?"

"Kwa krimu. Na hakuna mtu alisema kitu. Kila mtu, 'Ni tamu, ni tamu,' na macho inatoka maji."

Nilicheka mpaka midomo ikatoa damu. Yeye pia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutuangalia kama watu waliorukwa na akili.

Nikarudi kwenye benchi la mbao. Dawa zikaendelea, zile nilizobakisha, kupitia mavuno ya viazi na mvua ya pili ya mwaka. Mama Wahome nilimkuta tena mara mbili. Mara ya kwanza alitania: "Mwenye keki! Nesi ameniambia unaoka kwa chumvi." Mara ya pili hakutania. Alikuwa amelazwa, tumbo limejaa, miguu myembamba, na macho yake ya manjano. Aliniomba nimlainishe midomo kwa pamba yenye maji. Nikamuuliza leo anaomba nini. Akafikiria.

"Leo naomba mtu asiniulize kama nimelala vizuri."

Nilipotoka pale nilisimama kwenye ngazi za hospitali nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya hata kwa ajili yangu mwenyewe. Niliomba kwa moyo wote, bila kuchekesha mtu. Nikasema kama yeye anavyosema. "Mungu, ni mimi wa Tetu. Mama Wahome asife. Hiyo tu."

Nilipofika kwa dawa iliyofuata, nikasogea kwenye benchi mpaka mwisho, nikaingia, na kiti cha kando yangu kilikuwa na mwanamume nisiyemjua. Nesi aliona ninavyokiangalia. Akaniambia kwa sauti ya chini huku akifunga mpira mkononi mwangu.

Sitapamba hapa. Niliacha kuomba. Akina mama walipokuja nilifumba macho nikafikiria mapazia. Mimi ambaye sikuomba kitu cha maana nilikuwa napona, na yeye aliyeongea na Mungu kama jirani alikuwa kaburini Chaka, kwenye upepo wa kule, na supu ikiuzwa na mtu mwingine. Ningeweza kukuandikia kwamba nilipata jibu. Sikupata. Mpaka leo nikimwuliza Mungu habari za Mama Wahome hakuna kinachorudi, na nimeacha kujifanya kinarudi.

Kilichotokea ni kidogo. Siku ya dawa iliyotangulia ile ya mwisho, mshipa wangu ulijificha. Nesi akachoma huku, akachoma kule, nami nikasikia kinywa changu chenyewe kikisema, "Mungu, leo naogopa. Muonyeshe mahali iko." Sikupanga. Nilikuwa nimeambukizwa. Sindano ikaingia au haikuingia, sikumbuki, nadhani ilikuwa mara ya tatu. Ninachokumbuka ni kwamba nilipomaliza kusema sikuwa peke yangu na ile hofu. Ilikuwa bado ipo. Lakini ilikuwa imeshikwa upande wa pili na mtu mwingine, kama vile mnavyobeba gunia wawili.

Ukiniuliza nitarajie nini nikiomba, hilo ndilo ninaloweza kukuambia. Omba kupona. Usiogope kuomba kupona, omba kila siku, na ukichoka rudi tena, hakuna mlango uliofungwa hapo. Yesu mwenyewe aliomba aondolewe mateso, akarudia kuomba, na hayakuondolewa. Na ukiwa na joto, sema una joto. Mwambie Mungu, mwambie mama yako, na uende hospitali ukiwa bado unaomba. Lakini usifikiri waliokufa walikosea kuomba. Nimewasikia wakiomba. Walijua kuliko mimi.

Dawa ziliisha. Daktari alinipapasa shingo, akatazama picha, akasema hakuna kitu, ila nitakuwa narudi kuangaliwa kwa miaka. Mama aliniuliza tukiwa njiani, bila kuniangalia, kama ningependa tufanye shukrani. Nikasema tungoje kidogo. Akasema sawa. Hajauliza tena, na kila Jumapili bado ananiombea, kwa sauti, kila mtu akisikia, kama mtu ambaye bado hajapewa.

Nywele zimerudi, laini kama za kifaranga. Ladha ilirudi siku moja kwenye chapati, nikakimbia nje kumtafuta mtu wa kumwambia, nikamkuta ng'ombe.

Wiki iliyopita Mama Gathoni aliniambia kuna msichana kule Wamagana, wa shule ya sekondari, amelala na uvimbe shingoni, na hataki kuona wageni. Hakuniambia niende. Nilioka keki ndogo, nikaionja ili niwe na hakika na sukari, nikaenda peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipanda kilima cha kwenda kwao mpaka viatu vikawa vizito kama matofali.

Mlangoni kulikuwa na jiwe. Ukingo wake ulikuwa umejaa matope mekundu, mabichi, ya wageni wengi. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na ndani nilisikia kitanda kikilia na mtu akivuta pua, harakaharaka, kama aliyesikia hatua zangu.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikainama kwenye nyasi, nikavua viatu polepole, nikaviweka mbali na jiwe, nikabisha kwa kidole kimoja na soksi zangu zikinywa maji.